Naomba ushauri: chama chetu cha kuzikana na mfano wa Ybor City

Wakuu habari zenu, mi naishi Tampa, Florida, sisi wabongo wa huku tuna kachama ketu ka kuzikana ila michango inasumbua balaa, mtu anatoa akishasikia msiba tu. Sasa juzi nikazunguka Ybor City, ule mtaa aliouanzisha Mhispania Vicente Martinez Ybor miaka ya 1880 na viwanda vyake vya sigara (majogoo yanakatiza barabara kama kijijini vile), nikasimama mbele ya jengo la Centro Español, klabu ya 1891. Kumbe wasokota sigara walikuwa wanatoa ada kidogo kidogo, mtu anapata daktari, dansi na kaburi! Wale wa klabu nyingine, Centro Asturiano, walikuwa mpaka na hospitali yao. Wakyuba weusi walitengwa kwa ubaguzi wakaunda yao, Martí-Maceo, jengo lao likabomolewa 1965, iliniuma kwakweli.

Sasa naombeni ushauri, waliowahi kuongoza chama ughaibuni, ada ya kila mwezi mliwashawishije watu? Na tuanze na bima au tubaki na misiba kwanza? Jumapili tuna kikao.