MJADALA: Kopo la bia lililogeuzwa jagi, lirudishwe lilivyokuwa?

Naleta hoja mezani. Karne ya 18, masonara wa Uingereza walifua makopo makubwa ya fedha ya kunywea bia, yenye mfuniko wa bawaba na mpini mnene. Karne iliyofuata mengi yalitobolewa ubavuni na kulehemewa mdomo wa kumiminia, yakawa majagi. Leo wapo wakusanyaji wanaotaka mdomo huo ung'olewe, tundu lizibwe, kopo lirudie asili yake. Napinga kabisa.

Tazameni kilichotokea hapo katikati. Bia nyepesi ilikuwa kinywaji cha kila siku, hata asubuhi, na ukoo wenye uwezo uliinywea kwenye fedha iliyochorwa nembo yake. Kisha mwaka 1832, mjini Preston, Joseph Livesey na wenzake sita wakatia saini ahadi ya kutogusa kileo chochote, bia ikiwemo. Vuguvugu likaenea, na katika nyumba za walioapa, kopo la babu likawa halina kazi tena mezani. Kuliyeyusha kunauma. Likipata mdomo linaweza kumimina maji au maziwa.

Kweli, si kila mdomo ulitokana na kuchukia pombe. Wengine walihamia kwenye bilauri, wakahitaji jagi tu. Hata hivyo, badiliko lile lile linaonekana: bia ilikuwa imeshaondoka kwenye fedha.

Hoja nzito ya upande wa pili ni sheria, nami siidharau. Muhuri wa simba, unaothibitisha sehemu 925 za fedha safi katika kila 1,000, ulipigwa kwenye kopo, si kwenye mdomo ulioongezwa baadaye. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inakataza kubadili chombo chenye mihuri bila idhini ya ofisi inayopima madini hayo, na nyongeza isiyopimwa inakwamisha mauzo. Ndiyo maana wenye makopo hukimbilia kung'oa. Lakini njia nyingine ipo: mdomo upelekwe ukapimwe, na ukifikia kiwango upigwe muhuri wake wenyewe. Historia yote inabaki, na mnunuzi hadanganywi.

Ukiung'oa, kiraka hakijifichi. Puliza pumzi juu ya fedha, mstari wa kulehemu unajitokeza.

Basi mnaotaka kuung'oa nijibuni: kopo la mwaka 1750 lenye kiraka cha mwaka huu, uasilia wake uko wapi?