Kihamba cha mama mkwe: mimea nisiyoijua, ning'oe au niache?

Mkwe_wa_Uchagani
Shikamooni wakubwa. Mimi ni mtu wa Lindi, nimeolewa Uchagani. Mama mkwe alifariki mwaka jana, tukahamia kwenye kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani, Old Moshi mwezi wa kwanza. Mume wangu kakulia Dar, naye mimea ya huku haijui. Migomba na kahawa naitambua, lakini hii mingine imenishinda.

Pale tulipomwaga mchanga wa ujenzi pameota majani kama ya karoti, yana vijiua vyeupe vidogo mno. Binti yangu alicheza hapo, jioni mikono ikamwasha mpaka akalia. Mpakani kumepangwa mstari wa mimea yenye majani marefu kama ya mahindi, haizai kitu. Na nyuma ya banda la mbuzi kuna majani ya vidole vitano, shina lina vinyweleo na linanata.

Kibarua kanishauri nipige dawa ya magugu kote, nianze upya. Roho inasita. Yule mama alinipokea kama mwanawe, sitaki kuua alichopanda kwa mkono wake.

Mkulima_Usa
Marahaba mwanangu. Lililomwasha mtoto ni gugu karoti, huku Arusha linatusumbua miaka mingi. Bila shaka limekuja na huo mchanga. Shina moja huweza kutoa mbegu 25,000, kwa hiyo usingoje. Vaa glavu na mikono mirefu, funga kitambaa puani, ng'oa na mzizi wake udongo ukiwa umelowa. Yaliyochanua yatie mfukoni taratibu, yasiende kwenye mboji. Mbuzi wasile, maziwa yatakuwa machungu.

Mama_Kibosho
Dada, mpakani usiguse! Hilo ni isale, ndiyo alama ya mpaka wa kihamba. Tena Mchaga akimkosea mwenzake, humpelekea jani la isale kuomba msamaha.

Ya vidole vitano yaelekea ni mgagani, mboga tamu ukiichemsha ukamwaga maji, ukaunga kwa karanga. Ila usipike kwa maneno yangu tu, mwonyeshe kwanza mzee wa hapo jirani.

Mkwe_wa_Uchagani
Asanteni sana. Gugu karoti nimeng'oa mifuko minne leo. Jirani yetu, bibi mtu mzima, kaja kuuona mgagani, kanichumia mwenyewe. Tulipofika mpakani akashika mashina mawili ya isale, akasema mama mkwe aliyapanda siku wao wawili walipopatana baada ya kugombania maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia. Nimeyapalilia yote mawili kabla jua halijazama.