Magego ya chini hayapo: meno bandia ya chuma, ya plastiki au yale laini?

Mkaaji wa Bahati (Nakuru)
Hamjambo wote. Mama yangu hana magego ya chini, kushoto wala kulia, ila ya mbele yapo. Kliniki moja hapa mjini imempa bei ya plastiki, nyingine inamshauri fremu ya chuma, na hiyo bei imetushtua. Jirani naye anasifu yale laini yasiyo na waya. Mama hajali yataonekanaje, anataka kutafuna nyama. Mliovaa mnasemaje?

Fundi wa Maabara (Kisumu)
Mimi huyatengeneza tu, sivai. Fremu humiminwa kwa mchanganyiko wa kobalti na kromi. Ni mgumu, kwa hivyo bamba huweza kuwa jembamba, karibu nusu milimita, ilhali plastiki huhitaji milimita mbili hivi isivunjike. Ulimi unalijua hilo siku ya kwanza.

Kubwa zaidi ni vile viegemeo vidogo vinavyokaa juu ya meno yaliyobaki. Kwa hivyo uzito wa kutafuna hubebwa na jino na mfupa wake. Plastiki ya kawaida hulalia fizi; kila tonge inazama kidogo, na polepole inaumiza fizi zinazozunguka meno mazima.

Lakini mama hana jino la nyuma la kuegemea. Hata ya chuma, huko nyuma italala kwenye fizi, na mfupa ukipungua itabidi iongezewe plastiki kwa chini. Yale laini ndiyo ningeyaogopa kwake: yanapinda, mzigo wote unashukia fizi, na kuyarekebisha baadaye ni kazi.

Mama Pacha, Kakamega
Usiyaharibie jina, fundi! Mimi pengo langu ni jino moja la mbele, juu. Waya wa chuma ungeonekana kila nikicheka. Kwa jino moja yananitosha kabisa.

Fundi wa Maabara
Kwa jino moja la mbele sina ubishi.

Jang'o wa Kondele
Baba yangu aling'olewa meno sita ya chini ya mbele enzi za ujana wake, kama wazee wengi wa Kijaluo wa rika lake. Plastiki ilikuwa inaelea akila ugali. Sasa ana fremu, na kwa kuwa magego yake yapo pande zote mbili, haitikisiki. Chai pia anaisikia moto wake, maana chuma hupitisha joto. Ubaya: ilianguka kwenye sinki, ndoano moja ya kushikia jino ikapinda, ikarudishwa maabara.

Lanet Juu
Tuliokulia maji yetu ya floraidi huku Nakuru, yanayotia meno rangi ya kahawia, rangi ya meno bandia ichaguliwe kwenye mwanga wa dirisha. Mimi niliwekewa meupe pe katikati ya ya kahawia, yakajitokeza kama bati jipya kwenye paa kuukuu.

Mkaaji wa Bahati
Asanteni. Meno mawili ya chini yanatikisika kidogo. Hiyo inabadilisha kitu?

Fundi wa Maabara
Inabadilisha sana, dada. Msilipie chuma bado. Fremu hutengenezwa kulingana na meno yaliyopo. Likitoka lile linaloshikwa na ndoano, huenda ikabidi fremu mpya. Plastiki huongezewa jino kwa urahisi. Atibiwe fizi kwanza, ijulikane yapi yanabaki. Na kama ameng'olewa juzi, mfupa hupungua sana miezi ya mwanzo, kwa hivyo plastiki ya muda inamfaa.

Jang'o wa Kondele
Akifika kwenye chuma, asiiloweke kwenye jiki, inaila. Usiku aivue aiweke kwenye maji.

Mkaaji wa Bahati
La mwisho liling'olewa mwezi uliopita. Kumbe ndiyo maana yule daktari wa kwanza alitaja plastiki!

Fundi wa Maabara
Huenda. Muulize. Na huyo wa chuma muulize atachonga wapi pa kukalia viegemeo, maana pale huchongwa kidogo kabla ya kuchukua umbo la mdomo. Akisema hachongi popote, mwombe akueleze fremu itaegemea nini.