Juzuu ya kwanza ya Stuart na Revett: nikague nini kabla ya kulipa?

Mpenda_Ramani: Wakuu, salaam. Muuzaji wa vitabu vya kale wa London ana juzuu ya kwanza ya *The Antiquities of Athens*, kitabu cha Waingereza Stuart na Revett chenye michoro ya majengo ya kale ya Athens. Anasema ni ya 1762, ngozi ya jalada imechakaa, na michoro "karibu yote ipo". Nimtake picha zipi? Na kwa anayetaka vipimo vya majengo, hii inafaa kuliko kitabu cha Mfaransa Le Roy kuhusu magofu ya Ugiriki?

Bamba_la_Shaba: Anza na ukurasa wa jina. Toleo la kwanza lina mwaka MDCCLXII (yaani 1762) na jina la mchapaji John Haberkorn. Ukiona wachapishaji Priestley and Weale, hilo ni toleo la pili la 1825–1830, lililohaririwa na Kinnard. Nalo ni zuri, ila bei yake ni nyingine kabisa.

Kisha omba picha ya mchoro mmoja, mwanga ukiupiga kwa ubavu. Michoro hii ilichapwa kwa mabamba ya shaba yaliyochongwa: bamba hukandamizwa kwenye karatasi iliyoloweshwa, na ukingo wake huacha mbonyeo kuzunguka mchoro. Usipouona usiseme papo hapo ni bandia, maana huenda karatasi ilikatwa wakati wa kujalidi upya. Tazama mistari kwa lenzi ya mara 10: wino uliochapwa kwa bamba la shaba umekaa juu ya karatasi na ncha za mistari zimechongoka. Ukikuta vitone vilivyopangika, hiyo ni nakala ya kisasa.

Mkaguzi wa Kurasa: Hiyo "karibu yote" ndiyo inayonitia shaka. Kila sura hufunguliwa na mandhari ya jengo, halafu ramani ya sakafu, mwonekano wa mbele na vipande vyake kwa vipimo. Wanaochana vitabu hutoa zile mandhari wakaziuza kwenye fremu, na michoro ya vipimo hubaki. Kwa hiyo hesabu peke yake haitoshi, mwulize ni ipi hasa inayokosekana.

Sura ya tatu ihesabu kwa makini. Ni ya Mnara wa Pepo, jengo la kale la Athens lenye sanamu za miungu ya upepo, na kila mmoja wa hao wanane, kuanzia Boreas hadi Skiron, ana mchoro wake. Linganisha na nakala iliyowekwa mtandaoni na maktaba ya Chuo Kikuu cha Heidelberg, ukurasa kwa ukurasa. Pekua karibu na mshono pia: ukanda mwembamba wa karatasi uliobaki pale mara nyingi ni alama ya wembe.

Nguzo na Taji: Kuhusu vipimo, chukua Stuart na Revett. Le Roy aliwatangulia kuchapisha, 1758, na mandhari zake zinavutia, lakini Stuart anamkosoa waziwazi katika juzuu hii hii. Wao walipima kwa futi na inchi hadi sehemu ndogo za desimali. Hekalu dogo la mtindo wa Kiioni (wenye vichwa vya nguzo vilivyojiviringa) kando ya mto Ilissos wa Athens lilibomolewa karibu 1778, kwa hiyo leo michoro yao ndiyo tegemeo letu kubwa.

Ila Parthenon, hekalu maarufu la mungu Athena, haimo humo. Imo juzuu ya pili, yenye mwaka 1787 kwenye ukurasa wa jina, ingawa ilichelewa kutoka na Stuart akafariki 1788. Na hata humo, uvimbe mdogo wa mwili wa nguzo uliwapita bila kuuona. Msanifu majengo Mwingereza Cockerell ndiye aliyeugundua baadaye, na mipindo midogo ya jengo zima ikapimwa vizuri na mwenzake Penrose, aliyechapisha 1851. Anayetaka kuchora Parthenon sawasawa anakihitaji kitabu cha Penrose.

Mpenda_Ramani: Nimeelewa. Hiyo ngozi je? Kwenye picha inaacha unga mwekundu.

Mkaguzi wa Kurasa: Ngozi hiyo imeoza kwa asidi. Usipake mafuta, yataingia kwenye karatasi na kuacha doa lisilotoka. Ivishe kava ya karatasi isiyo na asidi, ukilaze kitabu, usikisimamishe: kurasa za ukubwa ule huuvuta mshono kwa uzito wake hadi mgongo ung'oke. Madoa ya kahawia yaliyotawanyika ni ya kawaida kwa karatasi ya umri huo. Usikubali akusafishie kurasa kabla ya kukuuzia, kwani kuosha hufifisha ule mbonyeo unaoutafuta.