Namba ya siri ya "mara moja" inayokubali mara mbili: benki hii ya hapa Dodoma itueleze

Ndugu wanajamvi, salaam.

Nilidhani malalamiko niliyoyapeleka dirishani yangefanyiwa kazi, lakini kwa jinsi nilivyojibiwa sioni tena sababu ya kunyamaza. Benki ninayoilalamikia ina tawi hapa mjini na mawakala hadi Kibaigwa na Mpwapwa. Jina silitaji kwa sasa. Wahusika wamo humu na watajijua.

Ukitaka kutoa fedha au kubadili nywila ya akaunti, mfumo wao hukutumia ujumbe mfupi wenye namba ya tarakimu 6, na chini yake pameandikwa kwamba namba hiyo ni ya matumizi ya mara moja na kwamba usimpe mtu yeyote, hata mfanyakazi wa benki. Hadi hapo sina ugomvi nao. Sasa nenda kwa wakala wao pale Kibaigwa, msimu wa mahindi, foleni imefika barabarani. Kabla hujamaliza kuusoma huo ujumbe, kijana wa dirishani anauliza, "Mama, imeingia? Nitajie." Ukimtajia, haiingizi kwanza kwenye mashine, anaiandika kwenye kaunta buku lake, kando ya jina lako na namba yako ya simu, ili mtandao ukikata asikusumbue tena. Aliye nyuma yako ameisikia, na atakayefuata ataisoma, kwa sababu kaunta buku liko wazi mezani.

Kinachoniudhi zaidi ni hilo neno "asikusumbue tena". Wakala anaiandika kwa sababu anajua kwa uzoefu kuwa itakubali tena. Nimejaribu mwenyewe kwenye akaunti yangu, na namba iliyotumika asubuhi kutolea fedha ilikubaliwa jioni kubadilishia nywila. Maana yake ni kwamba yeyote mwenye lile kaunta buku anaweza, kabla jua halijazama, kumfungia mkulima nje ya akaunti yake mwenyewe.

Nieleze kwa nini jambo hili si dogo, kwa kuwa afisa niliyezungumza naye aliniona kama mtu mwenye wasiwasi tu. Mwaka 1981 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Leslie Lamport, alichapisha njia ya kutumia mlolongo wa nywila ambapo kila moja hutumika mara moja na kuachwa. Hakudai kwamba hakuna atakayesikiliza njiani. Alichukulia kwamba msikilizaji yupo, na kinga ikawa kwamba anachokinasa kimeshakufa. Ukiiacha namba iendelee kuishi baada ya kutumika, umeiondoa kinga yote, na kilichobaki ni nywila fupi ya tarakimu 6 inayotangazwa hadharani. Ndiyo maana kanuni ya kiufundi ya mwaka 2011 ya namba zinazotokana na saa, ambazo kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30, inakataza mfumo kupokea namba ileile mara ya pili baada ya kuikubali. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, iliweka ukomo wa dakika 10 kwa namba zinazotumwa kwa simu, na ikasisitiza kwamba ndani ya muda huo zikubalike mara moja tu. Benki yetu imejipa siku nzima.

Hata kwenye usimbaji wa siri za mataifa kosa ni hilihili. Mwaka 1949 mwanahisabati wa Marekani, Claude Shannon, alichapisha uthibitisho kwamba ujumbe uliofichwa kwa ufunguo, yaani mlolongo wa tarakimu au herufi, wa kubahatisha kabisa, wenye urefu sawa na ujumbe wenyewe na usiorudiwa kamwe, hauwezi kuvunjwa. Wasovieti walikuwa na funguo za aina hiyo, lakini katika pilikapilika za vita, mwaka 1942, baadhi ya kurasa za funguo zilichapishwa mara mbili. Jumbe mbili zikifichwa kwa ufunguo mmoja, ukitoa moja kutoka kwa nyingine ufunguo unajifuta, na mvunjaji anabaki na tofauti ya jumbe zenyewe mbili ya kuichambua. Wamarekani, katika kazi iliyoitwa Venona, walizichimba jumbe hizo kwa miongo kadhaa na wakasoma sehemu yake. Namba ya benki na ufunguo wa aina ile ni vitu viwili tofauti, ila vyote vinasimama juu ya sharti moja la kutorudia.

Afisa aliniambia kwamba mtandao vijijini ni hafifu, hivyo wakifupisha muda wateja watalalamika. Kwamba mtandao ni hafifu ni kweli. Kuna maeneo ya Mpwapwa ambako ujumbe huingia mteja akiwa ameshaondoka dirishani. Lakini dawa yake ni kutuma namba mpya na kuiua ya zamani papo hapo. Mwenye simu janja apewe programu inayozalisha namba ndani ya simu, kwa kuwa hiyo hutegemea saa na siri iliyohifadhiwa humo, wala haihitaji mtandao. Mwenye kitochi apewe orodha ya namba zilizochapishwa kwenye karatasi, azikate moja baada ya nyingine. Benki za Ujerumani zilifanya hivyo kwa miaka mingi, na karatasi haikatiki mtandao.

Ninachodai ni namba ife inapotumika, mawakala wakatazwe kuiuliza na wapewe kifaa ambacho mteja anaibonyeza mwenyewe, na yale makaunta buku yakusanywe, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikutungwa iwe pambo. Barua yangu kwa benki imeshapokelewa na kugongwa muhuri. Nisipojibiwa, nakala itakwenda Benki Kuu.

Mlioko Kongwa, Bahi na Chamwino, jaribuni kwenye akaunti zenu wenyewe, kisha mseme hapa kama namba ya asubuhi inakubali jioni. Namba zenyewe msiziweke humu. Na atakayenifuata kwa ujumbe wa faragha akijitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja, akitaka nimtajie namba iliyoingia ili "anisaidie", nitambandika hapahapa.