Kabati "la mninga" linatoka mapovu chini na mlango umejikunja. Nimepigwa? Linatengenezeka?

Kitasa Kibovu
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa mafundi na yeyote aliyewahi kukutwa na hili.

Mwaka jana mwezi wa nane nilinunua kabati la nguo la milango mitatu, laki tisa na themanini baada ya kubembelezana sana. Muuzaji akanihakikishia ni mninga. Mbao sizijui, ila nilimwamini kwa mambo mawili: mistari yake ni ya mti kabisa, siyo picha, na lilikuwa zito. Tulilipandisha wanaume wanne, tukapumzika mara mbili kwenye ngazi.

Juzi shemeji yenu ananiita nikaone. Huku chini kumetoka mapovu kama chapati ikiwa kwenye kikaango. Nikabonyeza moja, likalia kama karatasi kavu. Nikaingiza ukucha, ngozi ikanyanyuka, nyembamba kama vocha ya kukwangua, na chini yake kuna kitu cha kahawia kinamomonyoka kama kashata iliyolowa. Halafu mlango wa kati umejikunja. Ukiufunga, juu unagusa, chini kidole kinapita.

Nimepigwa? Na kuna namna ya kulinusuru au liwe kuni? Shemeji yenu yuko upande wa kuni.

Ndimu Kavu
Umepigwa mkuu. Mninga wa milango mitatu kwa laki tisa labda wa kuchora.

Mgeni Njoo
Picha mkuu. Uzi wa kabati bila picha tunapapasa gizani.

Randa ya Babu
Kitasa, muuzaji tutamrudia, tuanze na kabati. Hiyo ngozi uliyobandua inaitwa vinia. Ni mninga wa kweli, ila umekatwa mwembamba, kama nusu milimita, ukabandikwa kwa gundi juu ya chipbodi, yaani vipande na unga wa mbao vilivyokandamizwa. Ndiyo hiyo kashata yako.

Uzito usikudanganye tena. Chipbodi na MDF (ubao wa nyuzi laini za mbao zilizokandamizwa kwa gundi) ni nzito sawa na mninga, na nyingine zinauzidi.

Nikuulize: milango miwili ya pembeni, michoro yake inatazamana kama mabawa ya kipepeo?

Kitasa Kibovu
Duh. Ndivyo ilivyo, na hicho ndicho kilichonifanya nilichague!

Randa ya Babu
Basi ndiyo alama yenyewe. Karatasi mbili za vinia zilizofuatana kwenye gogo moja zikifunguliwa kama kitabu, mchoro unajirudia kinyume. Mbao tupu, yaani isiyobandikwa kitu, haikupi hivyo kirahisi.

Siku nyingine ukiwa dukani fungua mlango uangalie ukingo wa juu, pale ambapo hakuna anayepatazama. Mbao tupu, mstari wa usoni utaufuata mpaka kwenye kichwa cha ubao. Vinia, mstari unakatikia ukingoni na utaona mshono wa ejingi, ule ukanda mwembamba wa kufunika ukingo. Na ukikuta mlango wa sentimita 50 hauna kiungo hata kimoja, uliza maswali. Mninga wa upana huo mimi sijaushika miaka mingi.

Ndimu Kavu
Kwa hiyo nilisema kweli. Vinia ni utapeli tu.

Randa ya Babu
Hapana, ndugu yangu. Utapeli ni kusema "mninga" ukanyamaza. Vinia yenyewe ni ufundi wa zamani mno. Kwenye kaburi la Tutankhamun kule Misri, miaka zaidi ya 3,300 iliyopita, vilikutwa vitu vya mbao za kawaida vilivyobandikwa vipande vyembamba vya mti mweusi na pembe za ndovu. Na huo mti mweusi wa Wamisri wa kale ndio huu mpingo wetu.

Piga hesabu pia. Ubao wa inchi moja ukikatwa kwa kisu badala ya msumeno haupotezi unga, unatoa karatasi kama hamsini za nusu milimita. Ubao ule ule ungekutosha mlango mmoja, sasa unavisha chumba. Meza za mikutano, milango ya flashi (ile bapa isiyo na paneli), kuta za mapokezi hotelini, kwingi huko ni vinia, na hakuna anayelalamika kwa sababu aliyelipa aliambiwa analipia nini.

Mtoto wa Mafinga
Niongeze kidogo. Huku kwetu vinia tunaiona ikianikwa juani kama dagaa. Gogo la paini au mlingoti (mkaratusi) linafungwa kwenye mashine, linazungushwa, kisu kirefu kinalimenya, linafunguka kama jamvi. Ila hizo ni nene, zinakwenda kwenye plaiwudi na mabodi ya kumwagia zege: zinapangwa tatu, tano, saba, kila moja nyuzi zake zikikatisha za mwenzake. Vinia ya urembo ni nyingine, gogo halizungushwi, linachanwa kama mkate ili mchoro utoke mzuri.

Mama Ubuyu
Kaka Kitasa usichome kuni bado. Dresing tebo yangu ilitoka mapovu hayo hayo nikaiponya kwa pasi. Weka kitambaa cha pamba juu ya povu, pasi joto la kati, BILA MVUKE, bonyeza sekunde kumi kumi huku unagusa kwa mkono. Gundi ikilainika, ondoa pasi haraka, weka ubao bapa na kitu kizito mpaka ipoe kabisa. Mimi mara ya kwanza niliacha mvuke, povu moja likawa manne.

Ila hakikisha ni mbao kweli. Zile za karatasi ya picha au melamini ukiweka pasi zinajikunja kama nailoni kwenye moto.

Randa ya Babu
Mama Ubuyu kasema vyema. Povu lisilokubali pasi, lichane kwa wembe mpya kufuata nyuzi za mbao, usikatishe. Chukua bomba la sindano, ingiza gundi nyeupe ya mbao kidogo, bonyeza isambae, futa iliyotoka kwa kitambaa chenye unyevu. Juu weka nailoni kwanza, maana gazeti litagandia hapo na utalisoma miaka yote. Kisha ubao, klempu au matofali, siku nzima. Ukimaliza, msasa namba 220 kwa mkono, mwepesi, kufuata nyuzi. Fundi akija na mashine ya msasa mfukuze. Nusu milimita inakwisha kabla hajavuta pumzi.

Ila hiyo inatibu povu tu. Chipbodi iliyokunywa maji ikafura hairudi. Sasa niambie, mapovu yako yanafika wapi kutoka sakafuni? Na nyuma, upande wa ukutani?

Kitasa Kibovu
Nimepima. Yote yako chini ya kiganja kimoja. Nyuma ni kukavu kabisa, na mimi nilikuwa nalaumu masika na ukuta.

Randa ya Babu
Kabati lina miguu au limekaa na kitako chake kwenye vigae?

Kitasa Kibovu
Limekaa na kitako.

Randa ya Babu
Na mnadeki kila siku.

Kitasa Kibovu
Asubuhi na jioni. Shemeji yenu anasoma hapa begani, amenyamaza.

Ndimu Kavu
Kumbe mwizi ni dekio 😂

Randa ya Babu
Dekio halina kosa, kosa la aliyeweka chipbodi wazi chini bila miguu. Makali ya chini ya chipbodi yananyonya maji kama utambi. Kata kitako kilichofura, weka fremu ya mbao ngumu, mkongo au hata mtiki, kisha miguu ya sentimita 8 hivi. Sehemu iliyokatwa uizibe kwa vanishi mara mbili kabla ya kuifunika.

Mlango ni habari nyingine. Utazame kwa ndani: bila shaka kuna karatasi nyepesi tu au hakuna kitu. Vinia inabandikwa pande zote mbili, unene mmoja. Ukibandika upande mmoja, ule unavuta unyevu tofauti na mwenzake na ubao unajikunja. Fundi alibana matumizi pale ambapo macho yako hayafiki. Mlango uliokwisha kujikunja hivyo mimi sihangaiki nao, napiga mpya.

Kitasa Kibovu
Mrejesho baada ya siku tisa. Mapovu sita yamekubali pasi, mawili nimechana, moja limeacha kovu ukilimulika na tochi. Kitako fundi wa mtaani amekata na kuweka mkongo, sasa dekio linapita chini bila kugusa. Muuzaji nilimfuata. Akanijibu bila aibu, "Nilikwambia mninga, nilikwambia mtupu?" Tumevutana mpaka akanirudishia elfu themanini.

Mlango wa kati nimeung'oa, kwa sasa pana pazia la kitenge. Mzee Randa, nije inbox unipe bei ya mlango mmoja, vinia pande zote mbili?

Randa ya Babu
Njoo. Lete urefu, upana na unene wa mlango wa pembeni, upime kwa futi, usikadirie. Na piga picha mchoro wake mchana, bila flashi, nitafute karatasi inayoendana nao.