Mbona kikaoni tunakubali wote, tukitoka tunalalamika?

Swali:
Wakuu, kuna jambo linaninyima raha. Kwenye kamati yetu mwenyekiti akiuliza "tumekubaliana?", wote tunaitikia. Tukifika mlangoni tu, watu wananong'ona kwamba mpango haufai. Ni woga au nini?

Jibu la kwanza:
Si woga tu, mkuu. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch wa Marekani aliwaonyesha watu mistari, waseme upi unalingana kwa urefu na mwingine. Jibu lilikuwa wazi kabisa, ila wenzao chumbani walikuwa wamepangwa kutaja jibu la uongo. Takriban robo tatu ya waliopimwa walifuata kosa hilo angalau mara moja! Kinachonipa moyo ni hiki: alipokuwepo mtu mmoja tu wa kusema ukweli, waliofuata mkumbo walipungua sana.

Jibu la pili:
Hata walioandika jibu lao badala ya kulitamka walifuata wenzao kwa nadra. Ndiyo maana mimi hugawa vikaratasi visivyo na majina kabla ya mjadala.

Muulizaji:
Ahsanteni. Kwetu mwenyekiti ndiye hufungua mjadala kwa maoni yake. Nitamwomba aseme mwisho.